Jiko la Chuma la Kuni na Maisha ya Ranchi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Wanaoniuliza ni wa aina mbili. Wapo walionunua au kurithi nyumba kuukuu ya shamba wakakuta jiko la chuma limekaa kona ya jikoni, na hawajui walifanyie nini. Wapo pia waliokulia kwenye ranchi na mashamba makubwa ya West Kilimanjaro, Usa River, Oldonyo Sambu au Monduli, ambao leo wanaishi mjini na bado wanautamani mkate wa kule. Nimewajibu wote pamoja, kwa sababu jiko lile na maisha yale ni vigumu kuvitenganisha.

Jiko linalozungumziwa hapa ni lipi hasa?

Si mafiga na si jiko la udongo. Ni sanduku zito la chuma kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu, lenye miguu minne mifupi. Ukisimama mbele yake, mara nyingi utaona kushoto mlango mdogo wa kutilia kuni, chini yake trei ya majivu, na kulia mlango mkubwa wa oveni. Juu ni bapa, na pana matundu ya duara yaliyofunikwa kwa vifuniko vya chuma. Vifuniko hivyo vinanyanyuliwa kwa mkono wa chuma wenye ncha iliyopinda, inayoingia kwenye kijishimo cha kifuniko. Nyuma kuna bomba la moshi, yaani dohani, linalopanda mpaka juu ya paa. Ukiona neno Dover limeandikwa mlangoni, hiyo ni aina iliyoenea sana kusini na mashariki mwa Afrika.

Uzuri wake uko kwenye njia ya moto. Mafiga yanaunguza tako la sufuria tu na joto lililobaki linapotea hewani. Humu ndani moto unapita chini ya vifuniko vyote, unaizunguka oveni, ndipo unatoka. Kwa hiyo kuni zilezile zinachemsha maharage, zinaoka mkate, zinapasha maji ya kuoga na kukausha soksi za watoto zilizolowa umande.

Yalifikaje Arusha na Kilimanjaro?

Yaliletwa na walowezi na wamisionari. Makaburu walianza kuhamia upande wa Arusha mwanzoni mwa karne iliyopita, baada ya vita vyao na Waingereza kule Afrika Kusini kwisha mwaka 1902. Wajerumani walikuwa wameshafika, na Wagiriki na Waingereza wakaongezeka baadaye kwa ajili ya kahawa, mkonge, ngano na ng'ombe. Kila nyumba kubwa ya shamba ilihitaji jiko la kuoka mkate, maana duka la mkate lilikuwa mbali na barabara zilikuwa za matope.

Mwaka 1973 mashamba mengi makubwa ya walowezi Kilimanjaro yalitaifishwa. Wenye nyumba wakaondoka, majiko yakabaki. Jiko la namna hii halibebeki kirahisi, linahitaji wanaume wanne wenye nguvu. Ndiyo maana mengi bado yako palepale yalipowekwa.

Je, jiko la Aga ni hilohilo?

Hapana. Aga ni zito zaidi na limetengenezwa kutunza joto usiku na mchana bila kuzimwa. Lilibuniwa mwaka 1922 na Gustaf Dalén wa Sweden, mwanasayansi aliyepata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1912 na aliyepofuka macho kwa ajali ya mlipuko mwaka huohuo. Majibu ya ukurasa huu yanahusu jiko la kawaida la kuni, linalowashwa asubuhi na kupoa usiku.

Nimelikuta limejaa kutu. Bado linafaa?

Kutu ya juujuu isikutishe. Chuma hiki ni kinene, na kutu inayotoka kwa brashi ya waya na mafuta kidogo ya taa haijakiharibu. Ninachokiogopa mimi ni ufa.

Likague usiku. Ondoa vifuniko vyote, toa majivu yote, ingiza tochi inayowaka ndani ya chumba cha moto, kisha zima taa za jikoni na ulizunguke polepole. Mahali popote mwanga unapochungulia ambapo hapakutakiwa kuwa na uwazi, moshi nao utapita hapo. Nafasi ndogo kwenye maungio unaweza kuiziba kwa udongo wa kuhimili moto unaouzwa madukani, au kwa mfinyanzi mzuri uliochanganywa na majivu yaliyochekechwa. Ufa uliopita katikati ya bamba la juu, au ulio kwenye ukuta kati ya moto na oveni, ni suala jingine.

Baada ya hapo tazama wavu wa chini, ule unaobeba kuni. Huo ndio unaochoka kwanza, unapinda na kukatika kwa sababu unalala ndani ya makaa. Mara nyingi wavu ndio ugonjwa pekee wa jiko zima, na fundi yeyote wa kuchomelea anakutengenezea mwingine kwa nondo nene. Mwisho funga mlango wa oveni ukiwa umebana kipande cha karatasi. Karatasi ikichomoka bila kushikwa, bawaba zimelegea.

Fundi wa kuchomelea anaweza kuziba ufa?

Anaweza, ila si kila fundi. Chuma cha kumimina hakichomelewi na welding rodi za kawaida za mageti. Kikipata joto ghafla sehemu moja kinapasuka pembeni ya pale ulipoziba, na ufa mmoja unakuwa miwili. Kinahitaji rodi zenye nikeli, kipashwe moto kwanza taratibu, na kipoe polepole kikiwa kimefukiwa kwenye majivu au mchanga mkavu. Muulize fundi maswali hayo matatu. Akishangaa, mshukuru na uondoke. Ufa mdogo mahali pasipobeba uzito ni afadhali ufungwe kwa kipande cha chuma na bolti.

Kwa sababu hiyohiyo, usimwagie maji baridi jiko la moto, hata kama uji umefurika. Subiri lipoe.

Dohani iwe ndefu kiasi gani?

Itoke angalau mita 1 juu ya paa pale inapopenyeza, na iwe juu kwa sentimita 60 kuliko kitu chochote kilicho ndani ya mita 3, iwe ni kilele cha paa au tangi la maji. Ikiwa fupi, upepo wa jioni unarudisha moshi ndani. Pale inapopita kwenye dari isiguse mbao wala gypsum. Iwekewe bati pana na nafasi ya kutosha kuizunguka. Kwenye nyumba iliyoezekwa kwa nyasi au makuti, usifunge jiko hili kabisa.

Dohani isafishwe mara mbili kwa mwaka kama unapika kila wiki. Kuni mbichi zinaacha ndani yake utomvu mweusi unaogandamana, na siku moto ukiwa mkali utomvu huo unashika moto ukiwa humohumo juu. Utasikia ngurumo bombani. Ikitokea hivyo, funga milango yote ya hewa, toa watu nje, na uite msaada wa zimamoto kwa namba 114.

Kuni zipi ni nzuri kwa huku kwetu?

Hapa ndipo watu wanapokosea zaidi, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kuni kavu ya mti wa kawaida inaishinda kuni mbichi ya mti bora. Mti uliokatwa leo karibu nusu ya uzito wake ni maji, na moto unakula nguvu yake kuyachemsha hayo maji kabla ya kukupikia chochote. Pasua kuni, zipange chini ya paa lenye upepo, ziachie miezi sita hadi mwaka. Kuni iliyo tayari ina nyufa kwenye ncha, ganda linabanduka lenyewe, na ukigonga mbili pamoja zinalia kwa sauti kali, haziitiki kwa kishindo kizito.

Kuni ninazozipenda kuliko zote ni za mkahawa. Kila shamba la kahawa linapopogolewa au kung'olewa kuna vigogo vyembamba, vizito, vinavyowaka kwa utulivu na kuacha makaa ya muda mrefu. Kwa kuoka sijaona kitu cha kuzipita. Grevilea inafaa kila siku kwa sababu inakua haraka na imejaa mipakani mwa mashamba. Mkaratusi unatoa moto mkali, mzuri wa kuchemsha, ila upasue ukiwa bado mbichi, maana ukikauka mzima shoka litakuchosha. Mparachichi uliozeeka unawaka vizuri ukikauka, japo makaa yake hayadumu. Misindano na mikrismasi ni ya kuwashia tu. Ukiitumia mfululizo unaijaza dohani ule utomvu. Magunzi ya mahindi yaliyokauka ni zawadi ya kuwashia, kila mtoto wa Sanya Juu anajua hilo.

Mgunga una makaa bora kabisa, lakini nakusihi usiukate. Chukua matawi yaliyoanguka. Mnyaa uache mahali pake kwenye ua: utomvu wake unaumiza macho vibaya. Nguzo za zamani, mbao zenye rangi na mbao zilizotiwa dawa ya mchwa zisiingie jikoni kamwe. Moshi na majivu yake yana sumu.

Kabla ya kuangusha mti, hata ulio shambani kwako, pita ofisi ya kijiji au kata uulize utaratibu wa kibali. Mlima umepoteza miti mingi, na chemchemi zinazotunywesha Moshi nzima zinaanzia kwenye ile misitu.

Naliwashaje?

Fungua kilango cha dohani, kile kinachofungua na kufunga njia ya moshi, na mlango wa hewa wa chini. Weka magunzi mawili matatu, vipande vyembamba vya mbao juu yake, karatasi kidogo, washa. Kama asubuhi ni ya baridi na moshi unarudi, washa kipande cha gazeti ukishikilie karibu na mdomo wa dohani kwa ndani. Hewa ya bombani ikipata joto itaanza kupanda. Moto ukishika, ongeza kuni nene moja moja. Ukishaona makaa mekundu ndipo ufunge kilango nusu ili joto lizunguke oveni. Kukifunga chote ni kujikaribishia hewa ya sumu ndani ya nyumba.

Lipe jiko saa moja kabla ya kuoka. Kwa birika la chai, robo saa inatosha.

Nitajuaje joto la oveni bila kipimo?

Wapishi wa zamani walitumia unga. Nyunyiza unga wa ngano kidogo kwenye sahani ya bati, uiweke ndani ya oveni, ufunge mlango, usubiri dakika tano. Ukitoka na rangi ya njano hafifu, oveni inafaa kukausha na kuoka vitu vya polepole. Ukitoka wa dhahabu kama ganda la chapati iliyoiva vizuri, weka mkate wako. Ukiwa mweusi, fungua mlango wa oveni kidogo na usubiri.

Jambo jingine la kuzoea: upande wa oveni ulio jirani na moto una joto zaidi. Chochote unachooka kigeuze kikifika nusu ya muda. Wanaolalamika kwamba mkate umeungua ubavu mmoja hawakuugeuza.

Naomba namna ya kupika ule mkate wa ranchini.

Unga wa ngano kilo 1, chumvi vijiko viwili vya chai, sukari kijiko kimoja cha mezani, hamira kijiko kimoja cha mezani, samli vijiko viwili vya mezani, na maji ya uvuguvugu zaidi kidogo ya nusu lita. Kanda mpaka donge likubali kuvutika bila kukatika. Hapo usione huruma, kanda dakika kumi kamili. Lifunike kwa kitambaa chenye unyevu, ulikalishe kwenye kiti karibu na jiko, si juu yake. Likishaumuka likawa kubwa mara mbili ya lilivyokuwa, ligonge litoe hewa, ligawe kwenye makopo mawili yaliyopakwa samli, liumuke tena.

Oka dakika arobaini hadi hamsini. Ukiutoa, upindue na uugonge tako kwa vidole: ukiita sauti ya utupu, umeiva. Uache upoe. Najua ni vigumu nyumba ikiwa inanukia hivyo, lakini ukikatwa wa moto unakuwa tope katikati.

Ngano ya West Kilimanjaro ilikuwa inasagwa bila kuondolewa pumba zote, na sehemu kubwa ya ladha mnayoikumbuka ilitoka humo. Ukichanganya unga mweupe nusu na wa ngano nzima nusu, ukaongeza maji kidogo, utaikaribia sana.

Vyakula vya kwetu vinafaa humo, au ni vya mkate na keki tu?

Vinafaa kuliko keki. Mtori, kiburu, makande na loshoro vyote ni vyakula vya moto wa taratibu, na jiko hili limezaliwa kwa moto wa taratibu.

Kwa mtori, anza na nyama ya ng'ombe yenye mifupa, ichemke ukingoni mwa jiko mpaka ianze kuachana na mfupa. Menya ndizi mchare mikono ikiwa imepakwa mafuta ili utomvu usigande, na kila uliyoimenya iingie kwenye maji isije ikawa nyeusi. Zitie kwenye supu pamoja na kitunguu. Zikilainika, toa mifupa na nyama pembeni, ponda ndizi kwa mwiko mpaka ziwe laini, rudisha nyama, malizia na maziwa au siagi. Kwenye gesi mtori unataka mtu asimame pale asije akauunguza. Hapa unausogeza tu upande wa mbali na moto, unakwenda kukamua, unarudi unaukuta unatokota polepole. Mama aliyejifungua Uchagani analetewa mtori kwa sababu unajenga nguvu na unashuka bila kuumiza tumbo. Nimeona bibi wengi wakikataa kuupika kwenye kitu chochote kisichotumia kuni.

Makande loweka usiku. Arusha mjini iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na huko maji yanachemka kwenye nyuzi joto kama 95, si 100. Ndiyo sababu maharage yanachukua muda mrefu kuliko Dar es Salaam, wala si kwamba umeuziwa maharage mabovu. Yafunike vizuri, uyaache ukingoni asubuhi nzima.

Kiburu, ndizi na maharage, kifunikwe kwa jani la mgomba chini ya mfuniko na kisikorogwe mpaka kiive.

Na maziwa?

Maziwa ndiyo roho ya ranchi. Rafu iliyo juu ya jiko, mbali kidogo na dohani, ina joto tulivu linalogandisha maziwa vizuri usiku kucha. Wamaasai na Waarusha wanasafisha kibuyu kwa kijinga cha mzaituni mwitu, ule wanaouita oloirien: wanakisugua ndani, wanakung'uta, kisha wanamimina maziwa. Harufu ile ya moshi ndiyo inayoyafanya yatamanike, na mgando wake ukiuchanganya na mahindi yaliyochemshwa ndiyo loshoro.

Samli nayo: siagi kwenye sufuria nzito, sehemu ya jiko isiyo na moto mkali, iachwe mpaka povu litulie na masimbi yashuke chini yakiwa kahawia. Chuja. Hakuna haja ya kitu kingine.

Watu wanapokumbuka maisha ya ranchi, wanakumbuka nini hasa?

Nimekulia kwenye nyumba za wafanyakazi wa ranchi upande wa West Kilimanjaro, kwa hiyo nitasema ya kwetu.

Tunakumbuka kipande cha reli kilichoning'inizwa mtini kikigongwa alfajiri, na baridi inayoshuka kutoka Kibo mpaka vidole vinakataa kufunga vifungo vya shati. Tunakumbuka siku ya josho, ng'ombe wa Borani wakiruka mmoja mmoja kwenye maji ya dawa na wanaume wakipiga miluzi, kwa kuwa kupe wakiachwa wanaleta ndigana kali na ndama wanaisha. Jioni baba alisimama getini akiwahesabu wakiingia, na kila wakitimia ishirini alihamisha kokoto moja kutoka mfuko wa kulia kwenda wa kushoto. Hakuzungumza na mtu mpaka ng'ombe wa mwisho apite. Sisi watoto tulijua kutomsalimia muda ule, shikamoo ilisubiri.

Tunakumbuka pia posho ya mwisho wa wiki, unga na maharage na chumvi kwa kipimo, na mama waliojua kuufikisha ule unga hadi posho nyingine. Wapishi wa nyumba kubwa walikuwa wengi wao wanaume, watu waliofahamu oveni ile kuliko mwenye nyumba. Walirudi kwao wakiwa na ujuzi wa mkate, wakawafundisha wake zao na jirani zao, na kuna familia nyingi Siha na Meru ambazo leo zinaoka kwa sababu ya wazee hao. Majina yao hayakuandikwa popote. Mtu akinisifia jiko, nataka kwanza awataje hao.

Si vibaya kuyakumbuka kwa upendo maisha yaliyojengwa juu ya ardhi ya watu?

Swali hili linaulizwa na vijana, na ni zuri. Ardhi nyingi ya ranchi ilikuwa malisho ya Wamaasai na mashamba ya Wameru. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwahamisha Wameru kwa nguvu kutoka Ngare Nanyuki ili kuwapisha walowezi wafuge ng'ombe. Nyumba zilichomwa. Wameru walichanga fedha, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akaenda Umoja wa Mataifa kuwasemea. Kila anayeupenda mlima Meru anapaswa kulijua jambo hilo.

Mimi naona kumbukumbu ni ya kweli ikiwa imebeba vyote. Baba yangu aliwapenda wale ng'ombe kwa moyo wake wote na hakuwahi kummiliki hata mmoja kati yao. Yote mawili ni yetu, na sitaacha moja ili lingine lipendeze. Mkate ulikandwa na mikono ya watu wetu kwa ngano iliyolimwa na watu wetu. Tuna haki ya kuutamani.

Ranchi bado zipo?

Zipo. Ranchi ya West Kilimanjaro, wilayani Siha, iko chini ya Kampuni ya Ranchi za Taifa, NARCO. Manyara Ranch iko Monduli, kati ya hifadhi za Tarangire na Ziwa Manyara, na humo ng'ombe na wanyamapori wanatumia ardhi moja. Momella, alikofugia ng'ombe mlowezi wa Kijerumani Margarete Trappe, leo ni sehemu ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha. Ukitaka kutembelea ranchi, omba ruhusa kwa uongozi kwanza. Ni sehemu ya kazi na kuna taratibu za magonjwa ya mifugo.

Moshi hauui?

Unaua, na sitalificha hilo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2020 hewa chafu ya ndani ya nyumba, itokanayo na kupikia, ilisababisha vifo milioni 3.2. Wanaoumia zaidi ni akina mama na watoto wadogo wanaokaa nao jikoni. Jiko lenye dohani nzima linatoa moshi mwingi nje, na hiyo ndiyo tofauti yake kubwa na mafiga, lakini si jiko safi. Fungua madirisha. Ukihisi macho yanawasha, jiko lina tatizo: simamisha upishi, tafuta linapovuja. Mwenye pumu, mjamzito na mtoto mchanga wasikae chumba kimoja na moto. Na usilale kwenye chumba chenye makaa yanayowaka, iwe kwenye jiko hili au jiko la mkaa, hata kama baridi ya Julai imekubana namna gani.

Basi kwa nini usiwaambie watu watumie gesi?

Nawaambia. Kwa chai ya asubuhi na mboga ya mchana, tumia gesi au umeme. Mkakati wa Taifa wa nishati safi ya kupikia, uliozinduliwa 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034, na mimi nauunga mkono kwa sababu nimeona wanawake wakikohoa maisha yao yote. Jiko la chuma liwashwe Jumapili, sikukuu, Desemba wajukuu wanapopanda kutoka mijini, au siku ya kuoka mikate ya wiki nzima kwa moto mmoja. Ukilitumia hivyo, kuni za kupogoa kahawa na grevilea zako mwenyewe zinatosha.

Ninaishi chumba cha kupanga mjini. Naweza kuwa nalo?

Hapana. Lina uzito mkubwa, linahitaji dohani, na mwenye nyumba hatakubali.

Nalitunzaje?

Toa majivu kabla ya kila kuwasha, ila acha tabaka jembamba chini ya wavu. Baada ya kupika, likiwa vuguvugu, lipake mafuta ya kula kidogo kwa kitambaa. Lisipopakwa, masika ya Machi hadi Mei yatalirudishia kutu. Majivu ya kuni safi yapeleke migombani yakiwa yamepoa kabisa. Sufuria za alumini unazoziweka moja kwa moja kwenye tundu, zipake sabuni ya mche kwa nje kabla, masizi yatatoka kwa maji tu.

Nina wajukuu wadogo. Nifanyeje?

Jenga kizuizi cha mbao au waya mita moja kutoka kwenye jiko, na wafundishwe tangu mwanzo kwamba hata moto ukizimika chuma kinabaki cha moto kwa saa kadhaa. Mishikio ya sufuria ielekee ukutani.

Nitalipata wapi, na nikikosa vifuniko?

Uliza kwenye mashamba ya zamani, misheni na nyumba zinazobomolewa. Fanya haraka, kwa sababu wanunuzi wa vyuma chakavu wanayapima kwa kilo na kuyapeleka kuyeyushwa, na jiko lililopikia vizazi linaishia kuwa nondo. Ukiwa nalo na hulihitaji, tafadhali mpe au muuzie mtu atakayelitumia kabla ya kumwita mwenye mizani.

Kifuniko kilichopotea si sababu ya kulitupa. Mafundi wanaomimina chuma kwenye kalibu za mchanga wanaweza kukutengenezea kingine wakiwa na kilichobaki cha kuigia. Wapelekee kifuniko chenyewe, si picha, na wapimie pia kipenyo cha tundu, kwa sababu chuma kikipoa kinasinyaa kidogo na fundi lazima aongeze ukubwa wa kalibu.